NCHI JIRANI: Mlima Usiokuwapo na Mto Uliokuwapo



Tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, wajumbe wa Uingereza na Ujerumani walitia sahihi mkataba wa kugawana sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Mezani palikuwa na wino, mihuri na ramani. Wenyewe wenye nchi hawakuwapo, wala hawakuulizwa. Katika mkataba huo, mpaka kati ya eneo la Mwingereza na eneo la Mjerumani, magharibi ya Ziwa Viktoria, uliwekwa juu ya mstari wa latitudo wa digrii 1 kusini ya ikweta, uende moja kwa moja mpaka uikute Kongo. Lakini likatiwa sharti moja. Mlima uitwao Mfumbiro usihesabiwe katika eneo la Mjerumani. Na ikiwa utaonekana uko kusini ya mstari, basi mstari utapindishwa, uuzunguke mlima na kuuacha upande wa Mwingereza, kisha urudi ulikokuwa ukielekea.

Ubaya wa sharti hilo ni kwamba mlima Mfumbiro haukuwapo.

Jambo hili laweza kuonekana ni kichekesho cha zamani, lakini sivyo. Nchi zinazohusika ni jirani zetu wa leo: Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Milima iliyosababisha sharti hilo ni ile ile ambayo miguuni pake majeshi na waasi wamepigana mara kwa mara katika miaka ya karibuni. Na mstari huo wa digrii 1 kusini, ukiufuata kuelekea mashariki, unafika Mutukula, mkoani Kagera. Huko magharibi na huko mashariki, kote kuwili, askari wa Tanzania wamekufa. Kwa hiyo inafaa kwa mtu avaaye sare kujua jinsi nchi hiyo ya milima na vijito ilivyoingizwa katika karatasi, na jinsi karatasi hiyo inavyopaswa kusomwa.

Mwaka 1861 mpelelezi Mwingereza, John Hanning Speke, akiwa Karagwe, alitazama magharibi akaona vilele vyenye umbo la pia vikichomoza kwenye ukungu, mbali zaidi ya kilomita 100. Hakwenda kuvikaribia. Alilisikia jina, akaliandika, na wachoraji wa Ulaya wakaweka mlima kwenye ramani. Mwaka 1876 Henry Morton Stanley alipita pande hizo, naye pia akatazama kutoka mbali. Baadaye ilisemekana kwamba mwaka 1889 Stanley alifanya mikataba na watawala wa pande hizo, na Waingereza wakaishika hoja hiyo walipoudai mlima. Kwa namna hiyo jina lililosikika njiani likageuka kuwa mali ya kubishaniwa na serikali mbili kubwa.

Na hata hapo ramani ilipouonyesha mlima, haikuweza kuonyesha kwa uhakika ulikuwa wapi. Sababu yake askari ataielewa upesi. Kujua mtu yuko umbali gani kaskazini au kusini ya ikweta si kazi ngumu sana: hupimwa urefu wa jua au nyota angani. Lakini kujua yuko umbali gani mashariki au magharibi kulihitaji saa, kwa kuwa dunia huzunguka digrii moja kwa kila dakika 4. Saa ikikosea dakika moja tu, mahali pa mtu kwenye ramani panasogea robo ya digrii, na karibu na ikweta robo ya digrii ni kama kilomita 28. Sasa fikirini saa iliyobebwa kwa miezi mingi katika mzigo wa mpagazi, ikinyeshewa, ikianguka, ikisimama na kutiwa ufunguo upya. Kutoka katika saa za namna hiyo ndiyo ilitoka mistari ya longitudo ambayo mabeberu waliitumia kukata nchi za watu.

Ulipofika mwaka 1894, Mjerumani Graf von Götzen alivuka Rwanda, akapanda volkano ya Nyiragongo na kuliona Ziwa Kivu. Hapo ndipo ilipoanza kufahamika Ulaya kwamba pale palipochorwa mlima mmoja pana safu ya milima minane, iliyopangana kutoka mashariki kwenda magharibi: Muhabura, Gahinga, Sabyinyo, Bisoke, Karisimbi, Mikeno, Nyiragongo na Nyamulagira. Karisimbi ndio mrefu kuliko yote, mita 4,507. Muhabura una mita 4,127. Miwili ya magharibi ingali hai: Nyiragongo ulitapika moto mwaka 1977, mwaka 2002 na tena mwaka 2021. Wenyeji walikuwa wakiijua milima hiyo mmoja mmoja kwa jina lake. Bufumbira, jina ambalo yaelekea ndilo lililozaa neno Mfumbiro, ni jina la nchi iliyo miguuni pa milima, na hata leo liko katika wilaya ya Kisoro nchini Uganda. Jina la shamba lilifanywa kuwa jina la mtu.

Basi mkataba wa 1890 ukawa na swali lisilo na jibu: ni mlima upi ulioachwa upande wa Mwingereza? Mmoja katika minane, au yote minane? Ilipodhihirika kwamba vilele hivyo viko kusini ya mstari, na ilipodhihirika pia kwamba mstari wa longitudo ya 30, uliokuwa ukitajwa kuwa mpaka wa Kongo, haukuwa mahali ulipodhaniwa, kila serikali ilijaribu kuwahi. Mwaka 1909 Waingereza walipeleka kikosi chini ya ofisa aitwaye Coote. Wabelgiji wakakikabili chini ya ofisa aitwaye Olsen. Askari waliokaa wakitazamana katika baridi ya milima ya Kigezi, bunduki mikononi, walikuwa kwa wingi wao Waafrika, wakitakiwa kuwa tayari kufa kwa ajili ya kosa la mchoraji aliyekuwa Ulaya.

Hawakupigana. Wakubwa wao walikutana Brussels, na tarehe 14 Mei 1910 wakakubaliana. Kilele cha Sabyinyo kilifanywa mahali pa kukutania maeneo matatu, na ndivyo kilivyo hadi leo kwa Uganda, Rwanda na Kongo. Kutoka hapo mpaka wa Uganda na Rwanda ulipitishwa Gahinga na kilele cha Muhabura, ukashuka katika vilima na kufuata migongo na vijito, mpaka kijito cha Kakitumba kinapoingia katika mto Kagera. Mwaka 1911 wapimaji wa serikali zote tatu, upande wa Waingereza wakiongozwa na Meja Jack, walikwenda kwa miguu kuweka alama. Kazi ya kupima ilikuwa nzuri, tena ya taabu kubwa. Lakini watu wa lugha moja na ukoo mmoja wakajikuta baba yuko kwa Mwingereza, mjomba kwa Mjerumani, na shamba la maharage kwa Mbelgiji.

Ni wazi kwamba kati ya 1890 na 1911 kuna tofauti ya namna mbili za kuweka mpaka. Ya kwanza ni kuchora mstari juu ya anga, usioonekana kwa jicho. Ya pili ni kufuata sura ya nchi: kilele, mgongo wa mlima, kijito. Hiyo ya pili askari anaweza kuiona kwa macho yake, mradi aweze kuisoma ramani ya sura ya nchi.

Ramani za namna hiyo zilizoenea katika Afrika Mashariki zina skeli ya 1 kwa 50,000. Sentimita 2 katika karatasi ni kilomita 1 ardhini. Nyingi zilitengenezwa baada ya vita ya pili ya dunia, kwa picha zilizopigwa kutoka ndege, na idara ya upimaji ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1946 kwa ajili ya makoloni, ikishirikiana na idara za upimaji za nchi zenyewe. Na baada ya uhuru kazi iliendelezwa. Karatasi moja hufunika robo ya digrii kwa robo ya digrii. Katika karatasi hizo rangi ya buluu ni maji, na mistari ya rangi ya udongo ni kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko mmoja. Kontua zikibanana, pana genge au mteremko mkali. Zikiachana, pana uwanda.

Hayo kila kuruta hufundishwa. Kosa hutokea mbele zaidi. Kontua inapovuka kijito hujikunja, na ncha ya mkunjo huelekea kule maji yanakotoka, yaani juu. Inaposhuka mgongo wa mlima hujikunja pia, lakini ncha huelekea chini. Kwa macho ya mtu mchovu, usiku, kwa mwanga wa tochi iliyozibwa kwa kitambaa, mikunjo hiyo miwili inafanana. Aliyepaswa kupanda kwa mgongo mkavu akashika bonde, atajikuta alfajiri amezingirwa na kuta mbili, na adui yuko juu. Dawa yake ni kutafuta kwanza buluu, au kusoma namba za mwinuko, kabla ya kusadiki mkunjo. Na namba zenyewe zina mtego: karatasi za zamani zinapima mwinuko kwa futi, za baadaye kwa mita. Habari hiyo imeandikwa pembeni, mahali ambapo wengi hukunja karatasi wasipasome.

Buluu nayo ina habari zake, na nchi ya Kigezi na Virunga ni shule nzuri ya jambo hilo. Mtu akiitazama ramani ya Kigezi ataona mabonde membamba yenye vijito vingi na alama za kinamasi. Chini ya kila kilima kuna mafunjo. Lakini akisogea kusini magharibi, kwenye miguu ya volkano, mistari ya buluu inapungua ghafla, ingawa mvua hainyeshi kidogo. Mwamba uliotokana na moto una vitundu na nyufa, maji huzama. Ndiyo maana watu wa Bufumbira, waishio chini ya milima inayofunikwa na mawingu karibu kila siku, wamejulikana kwa taabu ya maji. Maziwa ya Mutanda na Mulehe yalipatikana kwa sababu volkano zilimwaga mawe ya moto yakaziba mabonde. Kamanda anayedhani kwamba palipo na mlima na mvua hapakosi kijito atawapeleka watu wake katika kiu. Ramani ingalimwambia, kwa kunyamaza kwake.

Ardhi hiyo si ya kusomwa vitabuni tu. Mwezi Machi 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 2098, likaundwa brigedi ya kuingilia kati katika mashariki ya Kongo, yenye vikosi vya Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya kamanda Mtanzania, Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Waasi wa M23 walikuwa wameshika miinuko ya Kibati, kaskazini ya Goma, chini ya mlima Nyiragongo. Aliyeshika miinuko hiyo aliutazama mji wote na barabara yake. Mwezi Agosti 2013 mapigano yalikuwa makali, na ofisa mmoja wa Tanzania aliuawa kwa kombora. Baada ya Kibati, jeshi la Kongo, likisaidiwa na brigedi hiyo, liliwasukuma waasi hadi vilima vya Chanzu na Runyoni, karibu na Sabyinyo, ambavyo vilianguka mapema Novemba mwaka ule.

Mtu akiichukua ramani akaweka kidole juu ya Chanzu, ataelewa kwa nini waasi waliuchagua kuwa mwisho wa kurudi nyuma. Uganda iko hatua chache upande mmoja, na Rwanda iko upande wa pili. Mpigaji mizinga anayekosea kidogo hajakosa shabaha tu. Amepiga nchi nyingine. Tayari mwezi Agosti 2013 Rwanda ilikuwa imelalamika kwamba makombora yameanguka ndani ya mipaka yake. Na vilima hivyo havikukaa kimya milele. Mwishoni mwa 2021 waasi walitokea tena pale pale. Tarehe 13 Juni 2022 wakauteka mji wa mpakani wa Bunagana, chini ya Sabyinyo. Na Januari 2025 wakaingia Goma. Wanasiasa watakuwa na maelezo yao ya vita hiyo, nayo ni marefu. Lakini sura ya nchi haikubadilika katika miaka yote hiyo, na aliyeijua aliitumia.

Sasa tushuke na maji. Kijito cha Kakitumba, kilichotajwa katika makubaliano ya 1910, kinaingia Kagera mahali zinapokutana Rwanda, Uganda na Tanzania. Kutoka hapo Kagera unageuka kuelekea mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Uganda kwa sehemu. Kisha mto na mstari vinaachana. Mstari wa digrii 1 kusini unaendelea moja kwa moja mpaka ziwani. Mto unazama kusini ndani ya Tanzania, unapita Kyaka, halafu unapanda tena kaskazini na kumwaga maji yake ziwani katika ardhi ya Uganda. Katikati ya mto na mstari inabaki nchi ya kilomita za mraba 1,800 hivi, ambayo ni Tanzania, lakini iko ng'ambo ya mto.

Pembe hiyo ndiyo iliyomtia tamaa nduli Idi Amin. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi yake yaliivamia, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba ameitwaa, akidai kwamba mpaka wa haki ni mto Kagera. Wananchi waliuawa, mifugo ikaswagwa, mitambo ya kiwanda cha sukari ikaporwa. Ndege zake zilijaribu kulivunja daraja la Kyaka zikashindwa; tarehe 3 Novemba likavunjwa kwa baruti iliyotegwa. Hapo nia ya mvamizi ilionekana wazi katika ramani hata kabla ya kuonekana katika hotuba zake: alitaka mto na mafunjo yake yawe handaki mbele yake, na barabara pekee ya kufaa ikatike.

Kuna watu walioona kwamba dai lile, ukiacha ukatili wake, lilikuwa na mantiki. Mto unaonekana; mstari hauonekani. Mto ulikuwapo kabla ya Mwingereza na Mjerumani. Mstari waliuchora wao, tena katika mkataba ule ule uliokuwa na mlima usiokuwapo. Kwa nini Mwafrika afe kwa ajili ya mstari wa beberu?

Swali hilo si la kupuuzwa, na jibu lake halikutolewa mwaka 1978. Lilitolewa mjini Cairo mwezi Julai 1964, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipoazimia, kwa hoja iliyopelekwa na Mwalimu Nyerere, kwamba mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru iheshimiwe. Somalia na Moroko hazikukubali. Mwalimu hakuwa na udanganyifu kuhusu mipaka hiyo, alijua ilivyochorwa. Alichojua zaidi ni kwamba mto ukikubaliwa kuwa sababu ya kuvunja mpaka Kagera, mlima utakuwa sababu Kigezi, lugha itakuwa sababu Bufumbira, na kila kijito barani kitapata jemadari wake. Mstari ulichorwa kwa upofu. Kuufuta kwa bunduki kungekuwa upofu wa pili.

Jeshi la Wananchi lilivuka Kagera kwa madaraja ya muda, katika msimu wa mvua, na pembe ile ikakombolewa. Lakini mizinga ya Amin ilikuwa ingali juu ya mwinuko wa Mutukula, ikiitazama nchi yote iliyo chini yake kuelekea mtoni. Jambo hilo ramani ya kontua inalionyesha mara moja: anayeshika mwinuko ule ndiye mwenye pembe, hata kama hakanyagi pembe yenyewe. Mwezi Januari 1979 Mutukula ukatekwa. Mwezi Februari Masaka na Mbarara zikaanguka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala. Vita iliyoanza kwa kusingizia mto iliishia mbali sana na mto.

Yafuatayo ni ya zama hizi, na yanamhusu zaidi askari kijana ambaye huenda anadhani kwamba habari za kontua na dira ni za babu zake, maana yeye ana chombo mkononi kinachozungumza na setilaiti.

Chombo hicho ni kizuri. Mwezi Februari 2000 chombo cha angani cha Marekani kilipima kwa rada, katika siku 11 tu, miinuko ya sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia, kazi ambayo wapimaji wa 1911 wasingeimaliza katika maisha elfu. Hata hivyo rada ile haikuona udongo kila mahali. Penye msitu mnene ilipima karibu na vilele vya miti. Hilo ni dogo. Kubwa ni hili: ramani nyingi za karatasi za Afrika Mashariki zilijengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na setilaiti zinatumia msingi mwingine, uitwao WGS 84. Namba zinafanana kwa sura, lakini mahali zinapoangukia ardhini si pamoja. Askari akisoma namba katika chombo chake na kuziweka katika karatasi ya zamani bila kurekebisha, atakosea takribani mita 300, na sehemu kubwa ya kosa hilo iko katika mwelekeo wa kaskazini na kusini.

Katikati ya mbuga mita 300 si neno. Lakini mpaka wa Mutukula unakwenda mashariki na magharibi. Kwa hiyo kosa la kaskazini na kusini linauvuka moja kwa moja. Katika karatasi ni milimita 6, upana wa ncha ya kidole. Ardhini ni kundi la doria la Tanzania likiwa ndani ya Uganda, au la Uganda likiwa ndani ya Tanzania, kila mmoja akiapa kwamba chombo chake hakidanganyi. Ni mfugaji aliyekamatwa pamoja na ng'ombe wake akiwa nchini mwake. Ni kombora lililoagizwa kwa namba sahihi likaangukia kijiji. Hata wino wenyewe una upana: mstari wa nusu milimita katika skeli ya 1 kwa 50,000 unafunika mita 25 za ardhi, na ndani ya mita 25 nyumba na jiko lake huenea.

Kwa sababu hiyo sheria ya mipaka hairidhiki na karatasi wala na setilaiti. Bikoni zilizosimikwa na kukubaliwa na pande mbili ndizo zinazoshika, hata ikiwa vyombo vya kisasa vitaonyesha kwamba mpimaji wa zamani alisogea kidogo. Askari polisi wa kituo cha mpakani anayezijua bikoni zake kwa miguu, anayejua ipi imefunikwa na kichaka, ipi ilisukumwa na maji, na ipi mawe yake yalijengewa ukuta wa zizi, ana elimu ambayo hakuna ramani inayoweza kumpa. Na aghalabu elimu hiyo huipata kwa wazee wa kijiji, si kwa wakubwa wake. Mzee anayekumbuka kijito kilikopita kabla ya mafuriko ni shahidi, naye aheshimiwe hivyo.

Penye vijito shida huwa kubwa zaidi, kwa kuwa maji hayatii saini. Mto Songwe, ulio mpaka wa Tanzania na Malawi, umekuwa ukihama njia yake katika bonde la chini, na wakulima wamejikuta wako ng'ambo bila ya kusogeza hata jembe. Mto Semliki, ambao kwa sehemu ni mpaka wa Uganda na Kongo, nao hujipinda na kukata kingo zake mwaka hata mwaka. Ramani iliyochapwa huonyesha mto mmoja tu, ule uliokuwapo siku ndege ilipopita. Tarehe ya picha hiyo imeandikwa pembeni ya karatasi, jirani na ile habari ya futi na mita.

Mwaka 2007 Umoja wa Afrika ulianzisha mpango wa mipaka, ukataka nchi zote ziwe zimekamilisha kuweka alama za mipaka yao ifikapo mwaka 2012. Muda huo ulipita, ukasogezwa hadi 2017, nao ukapita. Kazi yenyewe ni ya wapimaji, wanasheria na fedha, na huendelea polepole, kilima kwa kilima. Wakati inaendelea, usiku huu kama usiku mwingine, kuna koplo na watu wake sita wanaotembea kwenye mgongo wa kilima fulani, kijito kiko kushoto kwao, na inawapasa kujua, kabla ya kuwasha tochi, wako nchi gani.